Kifuniko cha Kisima cha Uršulė

Haya, nitegulieni hiki kabla chai haijapoa: kimo majini, hakina rangi wala harufu. Chemsha maji utakavyo, mvuke utaondoka, chenyewe kitabaki palepale, tena kimekolea. Ni nini? Msiniambie chumvi. Chumvi ulimi ungeijua.

Uršulė naye hakukijua, na kumbe kilikuwa kikitokota ndani ya sufuria yake asubuhi ile ya Jumamosi ya Pasaka, nilipoingia jikoni kwake na mtungi wa maziwa. Miglė, kitukuu wake aliyeachwa kwake amlee, alikuwa hajatimiza miezi mitatu. Alilala ndani ya kapu kando ya jiko la matofali, midomo kama ya mtoto aliyetoka msituni kula beri za buluu. Lakini theluji ilikuwa ndiyo kwanza inayeyuka. Beri zingetoka wapi?

"Mwenzangu, huyu mtoto haoni baridi?"

"Jiko linawaka hivi, baridi ipite wapi? Ni tumbo tu. Ndiyo maana maji ya maziwa yake nayachemsha mara mbili." Akaongeza kuni.

Kisima cha Uršulė kilikuwa fahari ya kijiji chetu cha Gervėnai. Bia ya harusi ilipikwa kwa maji yake. Iliyopikwa kwa maji mengine wazee waliionja kwa adabu tu, wakaweka kikombe chini. Nyuma ya uzio kulikuwa na banda la lile shamba la ushirika la enzi za Warusi, lililovunjwa. Paa lilikuwa limeanguka, na magunia ya mbolea yalikuwa yakilowana humo kila masika. Nani alikuwa na habari nayo?

Sasa nirudi nyuma kidogo niwaeleze kuhusu binti yangu Audronė. Yeye alifanya kazi Vilnius, katika chumba chenye makabati ya kadi, yeye na wenzake wakiyatafutia maneno ya Kiingereza ya kemia na ya uchafuzi wa mazingira maneno ya Kilithuania. Miaka mingi mambo hayo tuliambiwa kwa Kirusi, au hatukuambiwa kabisa. Akija nyumbani alinisomea kadi zake huku namenya viazi. "Mama, neno hili ungelielewa?" Nikitikisa kichwa, neno lilirudi Vilnius likafikiriwe upya. Mimi, wa darasa la nne! Nilijiona profesa wa viazi.

Pasaka hiyo alikuja na kopo la vijikaratasi vya kupimia maji, msaada wa Wadenmark, maelezo yote kwa Kiingereza. Nilipomsimulia kuhusu ile midomo, hakumaliza hata mkate wake. Tulikwenda mbio kwa Uršulė. Audronė akachovya kijikaratasi kwenye ndoo, nacho kikageuka polepole, kikawa waridi, waridi ya supu yetu baridi ya bitiruti, kisha kikazidi kuiva.

"Nitrati," Audronė akasema.

"Ndiye nani huyo?" akauliza Uršulė.

"Imetoka kwenye mbolea, shangazi. Imeingia kisimani. Inaizuia damu ya mtoto isibebe hewa. Wameandika hapa: mtoto mchanga asipewe, na kuchemsha hakuiondoi, kunaikoleza."

Hicho ndicho kitendawili changu, na mwenzangu alikuwa akikikoleza kwa mapenzi, mara mbili.

"Umesoma mpaka unaona sumu kwenye maji ya Mungu!" Uršulė alifoka. "Si umekua kwa maji hayohayo?"

"Nilikua kabla ya magunia yale."

"Kijikaratasi cha kigeni, maneno ya kigeni. Nitolee nyumbani kwangu!"

Mimi sikubishana. Nilikitoa kile kikono cha Miglė kwenye blanketi, nikakiweka juu ya kiganja cha Uršulė. Kucha zilikuwa za kijivu. Aliziangalia, kisha akaanza kutafuta kitambaa chake cha kichwa, nacho kilikuwa kichwani.

Hospitali ya wilaya walimchoma Miglė dawa, nayo, msicheke, ilikuwa ya buluu. Buluu ikaondoa buluu. Kabla ya jua kuzama alikuwa analia kwa hasira, na midomo imerudi kuwa ya mtu. Walimbakiza wamwangalie.

Lakini kijiji kiliendelea kuteka maji. Audronė alipigilia ubao kwenye kifuniko cha kisima: KIWANGO CHA NITRATI KIMEPITA KINACHORUHUSIWA. Neno kwa neno lilikuwa sahihi. Vilma, jirani yetu mjamzito, alifika, akausoma kwa kukodoa macho, akakisogeza kifuniko pembeni, akashusha ndoo.

"Mbona bibi mwenyewe kayanywa maisha yake yote na bado anatugombeza?" alituuliza, akaenda zake.

Audronė aling'oa ubao wake. Akaenda kusimama mbele ya Uršulė, aliyekuwa ameketi kizingitini.

"Shangazi, ingekuwa wewe, ungeandika nini ili wakuamini?"

Uršulė alijifuta mikono kwenye aproni, akaingia ndani, akafunga mlango.

Siku zile nilimpelekea maji ya kisima kirefu cha shuleni. Aliyapokea dirishani. Nilimwacha. Mtu akivuliwa fahari yake, mpe muda avae kitu kingine.

Siku Miglė aliporudishwa, Uršulė alimpokea, akamnusa shingo, kisha akanikabidhi mimi. Akaenda moja kwa moja kisimani. Audronė alimfuata na kopo la rangi na ubao mtupu.

"Andika," Uršulė akasema. "'Maji haya nusura yamuue Miglė wangu. Tekeni kwingine. Mimi, Uršulė.' Na herufi ziwe kubwa, mwanangu. Yule Vilma haoni vizuri, na miwani anaona haya kuivaa."