Alama Nyuma ya Kipepeo

"Lete hicho kipepeo, Mama."

"Halafu nijipepee na nini? Na diploma yako?"

Kina mama wa jikoni wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Tangu asubuhi nilikuwa ukumbini mwa kanisa letu la Mlima Nebo, hapa Mississippi, nikipokea karatasi za miaka ile sisi watu weusi tuliyodai haki ya kupiga kura: barua za kutoka jela, matangazo ya mikutano, picha zilizotafunwa na mende. Chuo kinachokusanya nyaraka hizo kilikuwa kimenikabidhi meza, glavu na majalada. Wazee walileta vitu vyao kwenye makopo ya biskuti bila ubishi. Aliyenigomea ni mama yangu mzazi.

Kipepeo chenyewe ni cha mkono, cha kadibodi, vile ambavyo kampuni ya mazishi hugawa kanisani kila kiangazi. Mbele kuna Yesu na nambari ya simu ya kampuni. Nyuma kuna majina kumi na tisa kwa penseli. Kiangazi cha 1963 polisi walikuwa wakikaa viti vya nyuma mikutanoni, na daftari lolote walilinyakua. Mama, aliyekuwa mhudumu wa mlangoni, aliandika kwenye kipepeo majina ya walioahidi kwenda naye Jumatatu mahakamani, wanakoandikishwa wapiga kura. Kisha akajipepea, polisi wakimtazama.

"Penseli inafutika," nikamwambia. "Mwaka kesho utabaki na Yesu tu."

"Yesu ananitosha."

Kisha akanivuta pembeni, akaweka kidole kwenye jina la kumi na moja. Ozell Tarver. Kando yake, alama ya X.

"Hakuja siku ile," akanong'ona. "Nikamwekea alama kwa hasira. Kuifuta ni uongo, Jocelyn. Na kukitoa kipepeo ni kumvua nguo shemasi mbele ya wajukuu zake. Mtazame, anakula keki yangu."

Kweli, Shemasi Ozell alikuwa kwenye kipande cha tatu. Sina subira na siri za miaka arobaini.

"Shemasi! Njoo uone jina lako."

Mama akanifinya mkono kama nina miaka sita. Nimechelewa kukua, lakini sikurudi nyuma.

Ozell akavaa miwani, akakichukua kipepeo, akatazama, akacheka mpaka chembe za keki zikaruka.

"Arzella! Ulidhani unaificha?"

"Nilikuwa nakusitiri, mpumbavu wewe!"

"Kunisitiri? Mimi nakaa benchi la nyuma yako. Ukijipepea, X inanipita puani kila Jumapili!"

Ukumbi mzima ukalipuka. Mama akaziba mdomo.

"Jumapili ya kwanza nilipoiona," Ozell akasema, sasa taratibu, "sikusikia hata mahubiri. Alhamisi nikaenda mahakamani peke yangu. Makarani wakanifukuza. Nikarudi mara nne."

"Mimi nilijua ulijiandikisha baadaye, pamoja na watu wote, sheria ya haki ya kura ilipopita. Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie vipi? Hata shingo yako ilikuwa imeninunia."

Mama akacheka hadi akatafuta kiti. Ozell akanyoosha mkono achukue penseli yangu. Nikamnyang'anya kipepeo.

"Hakuna anayeandika juu ya waraka wa zamani, hata awe shemasi."

"Basi aandike wapi?" Mama akafoka, sasa yuko upande wake.

Nikachomoa kipepeo kipya kwenye benchi. Kampuni ileile, Yesu yuleyule. Ozell akaandika nyuma, ulimi nje kama mtoto wa shule: *Mimi Ozell Tarver niliogopa Jumatatu. Nilikwenda Alhamisi.* Mama akampokonya penseli, akaandika chini: *Shahidi, Arzella Gaines, mlangoni.*

Akaviweka vyote viwili kwenye jalada kwa mkono wake, akachukua kingine benchini, akaanza kujipepea.

"Funga kamba ya jalada, Jocelyn, kabla huyu hajavitia keki."

Nikafunga.