Maneno Ambayo Wifi Hakuyasema

Mikono ya Mama Pasi ilikuwa kazini tangu asubuhi, ila kichwa chake hakikuwa na kazi, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kupiga pasi hakutaki mawazo mengi. Unanyunyiza maji, unaanza na kola, unashuka mabegani, mikono, mwisho mgongo. Alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli: alisali asubuhi, alisali jioni. Lakini katikati ya sala hizo mbili alishinda mahakamani, humo kichwani mwake. Mshtaki yeye, shahidi yeye, hakimu yeye, na mshtakiwa hakuwahi kushinda hata siku moja.

Wiki hiyo mshtakiwa alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mjane aliyekuwa anaolewa tena Jumamosi. Habari za ndoa hiyo Mama Pasi alizisikia kwa mteja aliyeleta suruali. Kwa mteja! Naye na wifi walikuwa ulimi na mate. Basi kesi ikafunguliwa. Rundo la mashati halijafika nusu, wifi alikuwa ameshatamka, humo humo kichwani: "Huyo mpiga pasi tukimweka mbele atatuaibisha." Lilipokaribia kwisha, alikuwa ameyasema mbele ya ukoo mzima.

Mlango ukasukumwa. Wifi mwenyewe, gauni mkononi, uso unameremeta.

"Hodi, wifi! Weka chini hiyo pasi, nina jambo."

"Jambo gani tena? Si ulishasema nitawaaibisha?"

"Nani kasema?"

"Wewe! Mbele ya ukoo mzima! Eti mpiga pasi, sijui nini…"

Uso wa wifi ukazimika. "Niliyasema lini hayo? Nikiwa wapi? Nani kakuletea?"

Mama Pasi akafungua kinywa amtaje shahidi. Akamtafuta. Hakumpata. Maneno yale aliyatunga mwenyewe, pale pale mezani, akayarudia mpaka yakapata sauti ya wifi.

Wifi hakungoja. Alilikumbatia gauni lake na mikunjo yake yote, akatoka.

Jioni mumewe aliingia hata kiatu hajavua. "Mama watoto, umemfanya nini dada yangu? Alikuja kukuomba umsimamie kanisani."

"Mimi? Mbona ndoa yenyewe nimeisikia kwa mteja?"

"Hakutaka mwingine. Akatukataza tusikudokeze, alitaka akwambie mwenyewe. Huyo mteja wako sijui kadokezwa na nani. Sasa anasema bora asimame peke yake."

"Niombee msamaha, baba."

"Kwani umevunja kikombe? Nenda mwenyewe."

Akajitanda khanga, akaenda. Hajafika mbali, kichwa kikafungua kesi mpya. Atakufungia mlango. Atasema hakutaki tena. Naye akawa anajibu, midomo inacheza, hadi muuza maji akaitikia, "Nakusikia, mama, unataka chupa ngapi?"

Aibu ikamshika. Akasimama kando ya ukuta wa shule. Miaka yote alikuwa amempa Mungu magoti yake na mdomo wake. Kichwa alikiacha kizurure kama mbuzi asiye na kamba.

"Bwana Yesu," akanong'ona, "hajasema bado. Nisaidie nisimsemee."

Lakini alikijua kichwa chake. Ukikinyima kazi kitajitafutia. Akakipa kazi ya kushukuru, kwa yale tu aliyoyaona kwa macho yake. Asante, Bwana, kwa siku nilipojifungua, wifi akamwogesha mtoto huku akiimba hovyo. Asante kwa usiku ule wa msiba wa mumewe, tulipolala mkeka mmoja. Asante kwa uji wangu ule ulioungua, akaunywa wote, akasema, "Wifi, huu si uji, ni dawa ya minyoo." Akacheka peke yake barabarani. Woga haukuondoka, ila sasa ulikuwa na wa kutembea naye.

Wifi alifungua mlango. Hakutabasamu.

"Wifi, hukusema," Mama Pasi akaanza. "Nilikusemea mimi. Nikakutungia maneno, nikakuhukumu kwa hayo hayo. Naomba unisamehe."

Wifi akaegemea mlango. "Miaka yote hii, wifi, hunijui?"

Lilimchoma. Katika kesi zake zote, wifi hakuwahi kupewa neno kama hilo. Majibu yalimjia, ya mteja, ya uchovu, ya moyo kuumia. Akayaacha yapite.

"Kaa," wifi akasema. "Nina hasira, na nitazitoa zote."

"Zitoe."

Wifi akazitoa. Nyingine zilikuwa za haki, nyingine zilizidi, na Mama Pasi alizisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, bila kumkata wala kumtangulia. Hatimaye wifi akapumua, akaenda ndani, akarudi na gauni, akamtupia mapajani.

"Linyooshe. Na Jumamosi ukisimama pembeni yangu ukaanza kunijibu nisiyoyasema, nitakukanyaga mguu mbele ya mchungaji."

"Nikanyage."

"Kwa kisigino," wifi akasema, na sasa walikuwa wanacheka wote wawili.