Mtandao Usiofika Wodini

Mzee Koleo alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini. Jina hilo alipewa kwa sababu ya viganja vyake: akikusalimia kwa mkono, ulirudishiwa umekunjamana. Mapafu yalipomchosha akalazwa wodi ya wanaume, ghorofa ya pili. Siku ya nne simu yake ikatumbukia kwenye beseni la kunawia, ikafa palepale.

Aliyemnunulia nyingine ni Kitinda, mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka hotelini. Aliinunua akitoka kazini, kwa kuwa ilikuwa na ofa na kioo kikubwa kwa mzee asiyeona vizuri. Kuuliza hakuuliza. Akafungulia boksi palepale kitandani, akatia laini ya baba yake. Simu ikawaka vizuri, kisha ikaandika: Laini hii haikubaliki.

"Inasemaje?" baba akauliza.

"Inaikataa laini yako, baba."

"Namba hiyo ninayo tangu hujaolewa wala hujaachika. Iambie hivyo."

Kesho yake Kitinda akairudisha dukani. Muuzaji akageuza boksi, akamwonyesha maandishi madogo kama mayai ya chawa.

"Dada, hii imefungwa kwenye mtandao wa kampuni yake. Ndiyo maana bei ikawa ile."

"Basi ifungue."

"Siwezi. Namba ya kuifungulia wanaitoa wenyewe, baada ya mwaka. Na boksi likishafunguliwa hatupokei tena. Nunua laini yao tu, mambo yaishe."

Kulikuwa na fundi wa simu sokoni aliyesifika kwa kuzifungua. Alimwambia aiache siku tatu. Kitinda akaona siku tatu ni nyingi kwa mgonjwa anayekaa akitazama ukuta. Akanunua laini mpya, namba akampa kaka yake peke yake, dereva wa lori la masafa marefu, ambaye kila siku saa nne asubuhi alisimamisha gari ampigie baba.

Wodini mtandao ule haukufika. Kijimstari kimoja kilitokea, kikapotea. Kitinda akazunguka na simu juu ya kichwa kama anayefukuza nzi, akatoka ukumbini, mpaka penye dirisha, ngazi zinapoanza kushuka. Hapo ikashika vizuri.

Asubuhi ileile muuguzi alikuwa amemwambia mzee asitembee peke yake, kizunguzungu hakijamwisha. Kitinda alimsikia. Lakini zilikuwa hatua ishirini tu, naye alizihesabu.

"Baba, pale dirishani inashika. Kaka akikaribia kupiga, jikongoje taratibu mpaka pale."

"Mbona karibu," mzee akasema.

Siku tatu alikwenda na kurudi, na kila mara akawasimulia wenzake wa wodini lori limefika wapi. Siku ya nne, Alhamisi, akaanguka ngazini.

Kitinda aliitwa akiwa kwenye mashine ya pasi. Kaka akafika jioni, nguo zimejaa vumbi la njia. Nyonga ilikuwa imevunjika, na daktari akawaeleza bila kuzunguka: mapafu yale yasingehimili dawa ya usingizi, kwa hiyo upasuaji haupo.

"Alikuwa anafuata nini ngazini?" kaka akauliza.

Kitinda alikuwa anakunja shati la baba lililokwisha kunjwa.

"Wazee ni wabishi," muuguzi akasema. "Tulimkataza."

"Nilikwenda kunyoosha miguu," mzee akasema, macho kayafumba. "Mwacheni muuguzi wa watu na kazi yake."

Kaka akamtazama dada yake kitambo, kisha akaenda kutafuta chai.

Mzee aliishi siku kumi na tisa. Simu hakuitaka tena. Waliotaka kumjulia hali walimpigia Kitinda. Akafariki mchana, wauguzi wakipokezana zamu, na Kitinda akiwa njiani na sabuni aliyoagizwa.

Baada ya mazishi, ndugu wawili hao walibaki chumbani kwa baba wakigawa vitu. Kaka alizifunga spana kwenye magazeti, moja moja. Kitinda akaikuta simu ndani ya mfuko wa nguo za hospitali, akaiwasha. Simu zilizopokelewa zilikuwa nne tu, zote kutoka namba moja. Ya mwisho ilikuwa ya Alhamisi, saa nne na dakika mbili.

Akakaa chini.

"Kaka, mimi ndiye niliyemwonyesha lile dirisha."

Kaka hakuacha kufunga spana. "Najua. Aliniambia siku ya kwanza tu. Alikusifu."

"Mbona ukaniuliza?"

"Nilitaka useme wewe." Akalikunja gazeti, likamkatalia, akaliacha. "Siku ile sauti ilikuwa inakatikakatika. Nikamwambia asogee. Akasema ameshafika dirishani. Nikamwambia basi shuka kidogo, ngazi moja au mbili, labda itatulia. Nikasikia kishindo. Nikadhani ni mtandao, nikakata, nikawasha gari."

"Hukupiga tena?"

"Nilipiga baada ya saa mbili."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akigonga ndoo. Kitinda alitaka kumwambia kaka yake neno la kumpunguzia, akatafuta, akakosa, kwa sababu lolote alilolipata lingemwondolea na yeye mwenyewe lawama, na hilo hakuliweza. Wakamaliza kufunga vitu. Spana akachukua kaka, mashati yakagawiwa, funguo za chumba zikarudishwa kwa mwenye nyumba.

Bado wanatembeleana. Lori likipita upande ule, kaka hushuka kula kwa dada yake, wakaongea habari za watoto, za matairi, za mashuka ya hotelini. Siku moja mke wa kaka, aliyekuwa kwa wazazi wake wakati wa msiba, aliuliza hivi mzee alianguka vipi, maana hajawahi kuelezwa vizuri.

"Aliteleza," wakajibu wote wawili kwa pamoja, kisha kila mmoja akainamia sahani yake.