Kofia ya Msemaji

Katika ukoo wa Mzee Adalbert, anayemsemea binti siku ya mahari havui kofia mpaka vitu vyote vimepokelewa. Akiivua mapema, maana yake ametosheka, mtoto amekwenda. Mzee Adalbert alikuwa amewasemea mabinti kumi na mmoja bila kukosea hata mara moja. Jumamosi hiyo aliipiga brashi kofia yake ya kahawia tangu asubuhi, akaivaa mbele ya kioo, akajiona anafaa.

Mjukuu wake Syntiche alikuwa anaolewa na Wouter, kijana Mbelgiji waliyefahamiana kazini. Saa tisa geti la nyumba yao, mtaa wa Bel-Air, lilifunguliwa. Alitangulia Paulin, jirani aliyeombwa kuwasemea wageni, akafuata Wouter, na nyuma yao baba yake Wouter, Bwana Dirk, mzungu mrefu mwenye mvi, amekumbatia kreti ya bia kama mtoto mchanga.

Kabla hawajafika kwenye viti, Mzee Adalbert alikwisha simama. Kofia ilikuwa mkononi.

Dada yake mdogo, Léonie, akamgeukia kaka yake. “Yaya, umeisha kumutoa mutoto bure.”

“Kama kofia imetoka, muke iko wetu,” akasema Paulin. “Twende naye.”

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Léonie akaamua kwamba hayo yaliyopita hayahesabiwi: wageni watoke, waingie upya. Bwana Dirk, asiyeelewa kitu, alirudi nje na kreti yake. Geti likafunguliwa tena. Mzee Adalbert alijikaza, akautazama ukuta, lakini Bwana Dirk alipotokeza, mkono ulipanda wenyewe na kofia ikashuka.

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Mzee aliinamisha kichwa. Kama asingeweza kukaa na kofia yake mbele ya mtu huyu, Syntiche angesemewa na mwingine, na yeye angekuwa mzee wa kupewa soda pembeni.

Hapo Syntiche, aliyepaswa kukaa chumbani mpaka aitwe, akatoka na kuchuchumaa mbele ya babu yake.

“Nkambo, unafanyaka vile hata mu supermarché. Papa naye alikuwa anafanya. Miye, muzungu akiingia ku bureau yetu ya kazi, nasimama bila kujua juu ya nini. Utuambie leo.”

Kwa miaka mingi Mzee alikuwa amewajibu kwamba ni adabu tu. Sasa alisema kwa Kifaransa, ili mgeni naye asikie. Alikuwa na miaka saba, amempelekea baba yake chakula stesheni. Baba alikuwa amebeba sanduku kwa mikono miwili, akashindwa kuvua kofia mbele ya mkubwa wake mzungu. Yule mkubwa aliipiga kwa fimbo, ikaangukia relini. Jioni ile baba aliwapanga watoto wote uani na kuwafunza: kofia itoke kabla macho ya wazungu hayajakufikia. Wiki nzima, kama askari. Mzee alipofika hapo alicheka mwenyewe.

“Nami nikamfunza mwanangu,” akamwambia Syntiche. “Nikaita adabu. Ilikuwa woga.”

Bwana Dirk alikuwa bado ameshika kreti. Alisema polepole kwamba babu yake aliwahi kufanya kazi katika mji huu. Kwao kuna picha yake, ana fimbo kwapani. “Tunasema ilikuwa ya kutembelea. Alikuwa na miaka ishirini na sita, miguu mizima. Hakuna aliyewahi kuuliza.”

Mzee Adalbert alimtazama moja kwa moja.

“Ile picha utaileta siku ya harusi. Tutaiweka mezani, tuulize sisi wote. Sasa toka nje, uingie vizuri.”

Wageni wakatoka ili waingie mara ya tatu. Majirani walikuwa wamepanda juu ya ukuta kutazama. Geti lilipolia, Mzee Adalbert aliuingiza mkono wake wa kulia chini ya paja, akaukalia. Ulitaka kupanda, ukatulia. Kofia ilikaa.

Paulin alisalimu, akaeleza kilichowaleta. Mzee alijibu kwa kirefu: ukoo, safari za mababu, masomo ya Syntiche darasa kwa darasa. Mwisho Léonie alimnong'oneza kwamba mgeni bado amesimama na kreti, imemlemea.

“Nilimuona,” akajibu Mzee Adalbert, akamalizia kwanza darasa la sita, ndipo akamwonyesha kiti.