Boriti za Quash

Asubuhi ya kuzindua kibao cha kumbukumbu, wanawake wa kanisa kongwe la Wakongregeshonali la Hadlow, Connecticut, walikuwa wakikata pai za tufaha katika chumba cha chini. Dorcas Pettiford alisimama mbele ya mwenyekiti wa kamati, Eunice Tolland, hajavua hata koti.

"Jina moja tu, Eunice. Quash, babu wa babu zangu. Babu zenu walimfanya mtumwa, na yeye na wenzake ndio waliochonga boriti zote za kanisa hili. Nyie kwenye kibao mmeandika 'waumini'."

"Dorcas, mpenzi, kibao kimejaa. Tukiongeza hata nukta kitapasuka."

"Basi futeni 'Mheshimiwa' kwenye jina la babu yako. Nafasi itapatikana."

Eunice alicheka kidogo, akamnyooshea kisu. "Nisaidie pai."

Dorcas alimwacha na kisu chake, akapanda kanisani.

Ibada ilipoanza, roshani ilikuwa imejaa. Quash alikaa mbele, wenzake nyuma yake, vumbi la mwaloni mabegani, hawapumui. Walikuwa palepale walipokuwa wakiketishwa enzi za uhai wao. Mhudumu wa mlangoni aliwapelekea vitabu vya nyimbo. Waliimba vizuri, ila sauti zao zilikitangulia kinanda. Mchungaji aliwakaribisha wageni wote.

Desturi ya Hadlow ni kwamba watu wa roshani hawashuki mpaka wenye mabenchi ya chini watoke. Wakangoja. Watu walipokwisha kutoka na kukizunguka kibao, wafu wakashuka, wakang'oa vigingi vya mbao vilivyoshikilia boriti, kila mmoja akajitwika boriti aliyoichonga. Wakapita katikati ya mkutano wakisema, "Samahani, tupisheni." Wakapishwa.

Quash alisimama mbele ya Dorcas.

"Wameniandika?"

"Bado, babu."

"Basi nabeba changu."

Wakateremka nyuma ya ukuta wa makaburi, kule kusiko na mawe ya majina. Eunice alikuwa akisoma kwa sauti: "Boriti za mwaloni za kanisa hili, kazi ya waumini wa mji huu, zimesimama hadi leo." Hakukosea hata neno. Kitambaa kikavutwa, makofi yakapigwa.

Paa halikuanguka. Limebaki hewani, halijaegemea kitu, wala halivuji. Jumapili watu husali chini yake, na wakifika kwenye amina hupunguza sauti.

Jioni ile Dorcas alimfuata Eunice chumba cha chini.

"Sasa je, mtamwandika?"

"Tungependa sana," alisema Eunice, akiifunika pai iliyobaki. "Lakini tuandike alichonga nini, Dorcas? Boriti zenyewe hazipo."