Saa ya Mkono wa Kushoto

Kuuliza si ujinga. Ujinga wote uko kwa anayejibu. Mshonaji alilijua hilo vizuri, amesimama mbele ya meza ya fundi saa, mkono kiunoni, akipiga kelele ili asiusikie moyo wake.

"Umeniuzia kimeo, fundi! Hata wiki mbili hazijaisha, imesimama mara nne. Mwizi mkubwa wewe!"

Wateja watatu waligeuka. Fundi aliifungua saa mgongo kwa kisu chembamba, akabana lenzi jichoni, akachungulia. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma mfano wa nusu sahani. Alipoitikisa saa, chuma kikazunguka na mshale wa sekunde ukaondoka, laini kama mkasi ndani ya hariri.

"Nzima hii, dada. Unakumbuka siku ile nilikuuliza nini?"

Alikumbuka. Fundi alizipanga saa tatu juu ya kitambaa, akazieleza. Hii ya betri: ivae, ivue, itupe kabatini, inakwenda tu mpaka betri iishe. Hii ya kutia ufunguo: kila asubuhi zungusha kitufe hiki kwa vidole, ukisahau inasimama. Na hii inajitia ufunguo yenyewe, ila inakula mwendo wa mkono. Mkono ukilala, nayo inalala. Halafu akauliza: "Anayevaa ni nani? Anafanya kazi gani?"

Mshonaji mwenyewe hakati kitambaa kabla ya kupima. Huuliza bega lipi limeshuka, nyonga ipi inauma. Mteja akivuta pumzi kuficha tumbo, humtania: "Achia, mama, gauni halimsengenyi mtu." Lakini siku ile, mbele ya swali dogo namna hiyo, ni yeye aliyevuta pumzi. "Ya baba," alisema. "Mwashi. Hapumziki."

"Uliniambia mwashi," fundi alisema sasa, bila hasira, na hilo likawa baya zaidi. "Mwashi akiivaa hii, haisimami."

"Labda anajenga kwa macho," alidakia mama mmoja aliyeleta saa ya ukutani. Wakacheka wote.

Jibu lilikuwa neno moja tu: kiharusi. Mwaka mzima alikuwa akiwaambia wateja wake pale nyumbani kuwa mzee yuko saiti, na mzee yuko chumba cha pili, anasikia kila kitu. Aliinyakua saa, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani, baba yake alikuwa dirishani. Mafundi wenzake walimwita Timazi, ile kamba ya kunyooshea ukuta, kwa sababu ukuta wake haukuhitaji kupimwa mara ya pili. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani. Ndio uliokuwa ukivaa saa, maana wa kulia ndio pekee unaoweza kufunga, na hauwezi kujifunga wenyewe. Kila asubuhi alivuta mkanda kwa vidole na meno, jasho likimtoka, mlango ameurudisha.

"Fundi kasemaje?"

"Nzima, baba." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Inataka mkono unaosogea. Na aliniuliza kabla sijanunua. Nikamwambia wewe bado unajenga."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Umenionea haya."

Hakuwa anauliza. Mshonaji alikuwa anachambua uzi uliochomoza kwenye sketi yake, anauvuta, anauvuta, mpaka pindo likafumuka.

"Kesho naenda kumwambia ukweli," alisema. "Nimwombe radhi, anibadilishie. Ile ya betri inakwenda hata ikiwa kabatini."

"Kwani mimi niko kabatini?"

"Baba, sikusema—"

"Kwa fundi nenda, umemwita mwizi. Saa iache." Alinyoosha mkono wa kulia, mpana, kucha zake bado zina weupe wa saruji ambao mwaka mzima wa sabuni haukuutoa. "Nifunge huku."

"Huku hutaweza kuifunga wala kuifungua. Kila asubuhi itabidi..."

"Itabidi uache cherehani uje unifunge. Hata kama kuna mteja. Na mlango uache wazi."

Alipitisha mkanda. Vidole vyake, vinavyotunga sindano gizani, vilikosa tundu mara mbili. Juu ya mshipa wa baba yake mshale ulianza kwenda.

"Tangu mkono wa kushoto ulale, nimeomba radhi mpaka kwa paka," Timazi alisema. "Nikimwaga chai, samahani. Nikichelewa chooni, samahani. Kwa hili nitakusumbua kila siku, mwanangu, asubuhi na jioni. Na samahani yangu hutaisikia."