Wigi Jekundu la Mama Kitana

Mama Kitana alikuwa hodari wa kuomba. Hata wasiompenda kanisani walilikubali hilo, ingawa waliongeza kwamba hakuwa hodari wa kumaliza. Jumapili ile, mji ukiwa umeshaanza kunuka matairi yaliyochomwa, mchungaji alimwita mbele awaombee vijana wanaoandamana. Aliomba mpaka mtoto mmoja akasinzia, akaamka, akasinzia tena. "Bwana, warehemu vijana wetu!" alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Jumanne vijana wetu wakaivunja saluni yake.

Walibeba mashine ya kukaushia nywele, mafuta, taulo zote, hata kile kioo kidogo cha kuwaonyesha wateja visogo vyao. Lakini kilichomuuma zaidi ni wigi jekundu. Alilishona kwa mkono wake, na nyuzi nyekundu zilipomwishia akamalizia ukingo kwa uzi wa kijani. Lilikuwa pambo la dirishani, haliuzwi hata kwa kubembelezwa.

"Nikimpata aliyelichukua," alimwambia mumewe, "nitamfikisha polisi nikimvuta sikio."

"Si wewe uliyemhubiria muuza viatu asamehe alipoibiwa?"

"Viatu si wigi, baba."

Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Alhamisi alikwenda kufagia vioo. Mchana ghasia zikalipuka tena, mabomu ya machozi yakaanza kulia mtaa wa pili. Alikuwa anavuta mlango aufunge, msichana akajirusha ndani na kumwangukia miguuni.

"Mama, sioni! Macho yangu yanaungua!"

Mama Kitana hakuuliza maswali. Alimwinua, akamketisha, akamlaza kichwa kwenye sinki la kuoshea nywele na kufungulia maji. Nywele zote zikambaki mkononi. Alizitazama. Nyekundu. Akageuza ukingo. Uzi wa kijani.

Tusimpambe, damu ilimchemka. Na kama vile shetani alikuwa amepanga ratiba, viatu vizito vikasikika barabarani na sauti ikaita, "Yule mwenye nywele nyekundu kaingia wapi?" Angefungua mdomo tu, angelipiza kisasi chake papo hapo, na msichana angeondoka kwa virungu.

"Usiniache, mama," msichana alinong'ona akiwa amefumba macho, ameshika aproni yake.

Kichwa chake kilikuwa kimelala chote kwenye kiganja cha Mama Kitana. Kilikuwa chepesi, kichwa cha mtoto aliyekua jana, na chini ya wigi misuko yake ilikuwa imechakaa kwa kukosa wa kuisuka. Ukiwa msusi, unajua: mtu akishakulazia kichwa mkononi, kichwa hicho ni amana. Mama Kitana alilitupa wigi juu ya kichwa cha plastiki kilichobaki rafuni, akamimina shampuu, akaanza kusugua. Alisugua kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, maana hasira ilikuwa bado haijaondoka.

Askari akaingia. Kijana mwenyewe, ndevu hazijakubaliana zimee wapi.

"Tunamtafuta msichana mwenye nywele nyekundu."

"Nywele nyekundu ni hizo hapo rafuni. Wigi langu hilo, nimelishona mwenyewe."

"Na huyo?"

"Mteja. Nimeanza kumwosha, sijamaliza."

Hakusema uongo hata neno moja, na baadaye alijivunia hilo kupita kiasi. Lakini wakati ule alikuwa anamtazama askari. Macho yake yalikuwa yamevimba, machozi yanamchuruzika. Moshi hauna upande.

"Na wewe mwanangu, umejiona? Njoo nikuoshe."

"Niko kazini, mama."

"Na mimi niko kazini. Vua hiyo kofia."

Akavua. Msichana akahamia kiti cha pembeni, povu kichwani. Askari akalala palepale alipokuwa amelala yeye, na maji yalipompata alishusha pumzi kama mtoto. Alipoinuka, alipapasa hewani akitafuta kitu cha kujifutia. Taulo hakuna, na kila mtu mle ndani isipokuwa askari alijua kwa nini. Msichana akafungua skafu iliyokuwa shingoni mwake, akamkabidhi.

Askari alijifuta, akamtazama. Akatazama nyuzi mbili nyekundu zilizonata kwenye paji la uso wa msichana, kisha wigi rafuni. Akavaa kofia yake taratibu.

"Mama, mteja wako asitoke mpaka tuuache mtaa huu."

Mlango ulipofungwa, msichana aliangua kilio. "Mama, ni mimi. Niliingia na wenzangu Jumanne."

"Najua. Uzi wa kijani."

"Basi mbona hukunitaja?"

Mama Kitana alifungulia maji tena. "Jumapili niliwaombea vijana wetu," alisema. "Nilidhani naombea watoto wa watu wengine. Hebu inamisha kichwa nikusuuze. Nani kakuacha na misuko ya namna hii?"

Alimsuka upya hadi mtaa ukatulia. Wakati akisukwa, msichana alimweleza taulo ziko wapi na mashine imefichwa kwa nani. Kesho yake akarudisha mashine, na taulo akiwa amezifua, akachukua ufagio bila kuambiwa. Askari naye alipita kurudisha skafu. Mama Kitana aliwauliza wote wawili majina yao, akayarudia polepole asije akayasahau.

Jumapili mchungaji alimwita tena mbele. Waumini wakajiweka sawa kwenye viti, kama watu wanaojiandaa kwa safari ndefu. Mama Kitana alifumba macho. Safari hii hakusema "vijana wetu." Alitaja majina mawili moyoni, bila sauti, akasema "Amina," akarudi kukaa.

Mchungaji alibaki amefumba macho, anasubiri aanze.